Saa Yangu ya Maji

Mahari yangu mie ilikuwa maji. Wenzangu waliolewa kwa dhahabu, mie nikaolewa kwa saa moja ya maji, kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Mama yangu, aliyetoka Unguja na masanduku matatu na kiburi chake chote, alilia siku mbili. "Mwanangu kaozwa kwa maji! Kwani Unguja kulikosa mvua?"

Marehemu mume wangu, Aflah, akamweleza taratibu. Huku kwa Waarabu, Al Amerat, nyuma ya milima, tuna falaj, mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya mlima mpaka mashambani, na kila mwenye haki ana zamu yake. Zamu yako ikifika, unaondoa jiwe na matambara kwenye mdomo wa kijifereji chako, maji yanaingia kwako. Ikiisha unaziba, yanakwenda kwa mwingine. Na ardhi mbali, maji mbali. Unaweza ukawa na shamba na huna tone, au ukawa na maji na huna pa kuyamwaga. Aflah alikuwa na shamba na maji. Maji akaniandikia mie. Mama alikufa hajaelewa. Mwanangu Yazid naye hakuelewa, ila yeye hana udhuru, maana kazaliwa hapa hapa na ana digrii mbili.

Yazid anakaa Qurum, karibu na bahari, yeye na mkewe Maha na watoto watatu. Kabla ya korona alikuwa akija kwangu Idi mbili kwa mwaka, na gari anaiacha inanguruma nje ili baridi isitoke. Watoto wanabusu mkono wangu huku wanatazama chini wasikanyage kinyesi cha mbuzi. Maha akiuona mfereji husema, "Mama, haya maji si yanaleta mbu?" Robo saa, khalas, wameondoka, na mie nabaki na sinia la halwa halijaguswa.

Ikaja korona. Serikali ikafunga maduka makubwa, ikafunga bahari, ikafunga misikiti. Mji mzima ulikaa eda. Mie nimekaa eda ya Aflah miezi minne na siku kumi, nalijua jambo hilo, lakini hao wa Qurum wiki ya tatu tu walishaanza kutafuna kuta. Bahari iko mbele ya dirisha lao na haikanyagiki! Ndipo Yazid akakumbuka ana mama, na mama ana shamba, na shamba lina ukuta mrefu ambao polisi haoni ndani.

Alhamisi ya kwanza walikuja wamevaa barakoa na glavu kama wanakwenda kupasua mtu. Yazid akapima kwa hatua zake, kila kiti mbali na mwenzake. Vikombe walikuja navyo. Hata tende zangu zilipuliziwa dawa. Kisha nikafungua maji, wote wakavua viatu wakatia miguu mferejini. Juu tumekaa mbalimbali kama maadui, na chini maji yanapita kwenye vidole vya Yazid, yakaenda kwa Maha, yakaenda kwa watoto. Nikawaambia maji ni yale yale. Yazid akafikiri, na wiki iliyofuata akaja na mpango: mie mzee nikae juu kabisa, maji yanipitie kwanza, kisha watoto, kisha Maha, na yeye ambaye mwenzake wa ofisini kapimwa akakutwa nayo, akae mwisho. Maha akauliza kwa nini yeye awe chini ya watoto ambao hawanawi. Waligombana juu ya nani akae juu ya nani mpaka zamu ikakaribia kwisha, na mie nlicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu Aflah hai.

Kila Alhamisi wakaja. Hawakukosa hata moja. Walikuwa wanajua zamu yangu kuliko muadhini. Mjukuu wangu wa kwanza, Shahad, wakati huo ana miaka kumi na moja, alijifunza kuondoa jiwe mwenyewe, akajifunza na Kiswahili cha kunitania. "Bibi, unanyoosha mguu kama bwana harusi!" Wadogo wakaziba mfereji kwa godoro la mtoto ili maji yapande wapate kuogelea, na huko mwisho mindimu yetu saba, mie na Aflah tuliyoipanda kwa mikono, ikawa inapata matope tu. Kufika Septemba mitatu ilishakuwa ya manjano. Nani atasema kitu, na watoto wanacheka?

Sasa nitasema jambo la aibu. Dada yangu Khawla wa Mawaleh alikufa kwa maradhi hayo hayo, akazikwa na watu wanne, na mie nikamlilia kwa simu. Dunia yote ilikuwa inaomba korona iondoke. Na mie Muhsina, mwalimu mstaafu, niliyehiji mara mbili, nilikuwa nainua mikono baada ya alasiri nasema: Yarabi, iondoe, ila isiwe upesi sana. Mungu anisamehe. Nlisema hivyo, na si mara moja.

Yazid akaniapia. "Wallahi, mama, hata haya yakisha, Alhamisi hii haikosekani abadan. Sisi tulikuwa vipofu." Alisema huku kanishika mkono bila glavu. Nikamuamini, kwa nini nisimuamini?

Yakaisha. Alhamisi ya kwanza walikwenda Dubai, ati watoto wamechoka. Ya pili kulikuwa na harusi. Ya tatu sikuuliza. Baadaye Maha akanitumia picha, miguu yake imo kwenye maji meupe: wako Nungwi, Unguja, hotelini. Loo! Mie nliyezaliwa Unguja niko Al Amerat namwagia mindimu, na Maha ambaye kwao Unguja hawajawahi kuiona hata kwenye ramani ananiandikia, "Mama, tumekukumbuka." Nikamjibu kwa picha ya ua.

Mwaka mmoja ukapita hivyo, na nusu ya wa pili. Siku moja nasikia gari, na haingurumi, imezimwa. Nikatoka mbio na kanga begani. Ni Yazid, peke yake, na utepe wa kupimia mkononi. Nikafurahi kama mtoto. Akanibusu kichwa, akasema, "Mama, unajua tangu korona watu wamekuwa wendawazimu na falaj? Kila mtu anataka kutia miguu. Hawataki tena hoteli." Anataka kujenga istiraha pale shambani, nyumba ya kukodisha ya mapumziko, watu waje na familia zao mwisho wa wiki wakae kando ya mfereji. Ardhi iko kwa jina lake, babake alimuandikia. "Na wewe utakuwa na watu kila wiki, mama. Hutokuwa mpweke."

Wageni wa kulipia! Nilitaka kumjibu, nikatazama uso wake namna ulivyong'ara, nikamshikia ncha ya utepe. Wakaja mafundi. Wakakata mindimu yote saba, wakamwaga simiti, wakatandaza viti vya nakshi kando ya kijifereji, wakainua ukuta kati ya shamba na nyumba yangu, wageni wapate faragha. Mlangoni likawekwa bango: Istiraha ya Bibi. Bibi mwenyewe yuko upande wa pili wa ukuta.

Alhamisi ya kufungua, Yazid alikuja na wageni wake wa kwanza, akaenda kwenye mdomo wa mfereji na kanzu yake nyeupe kuondoa jiwe. Mzee Zahor, msimamizi wa falaj, alikuwa amekaa pale na daftari lake.

"Acha hilo jiwe, mwanangu," akasema Zahor.

"Mzee, zamu yetu hii. Alhamisi, baada ya alasiri. Mie ndiye mwenye shamba." Yazid akatoa simu, akamwonyesha picha ya hati.

"Hati ya ardhi naiona. Mie nakuuliza ya maji." Zahor akafungua daftari, akatia kidole. "Saa hii ni ya Bi Muhsina. Mahari yake. Shamba si langu, nyumba si yangu, lakini jiwe hili halitoki bila idhini yake."

Mie niko nyuma ya dirisha, nasikia kila neno. Digrii mbili, jamani! Alidhani maji yanakuja na shamba kama bomba linavyokuja na nyumba.

Akaja mlangoni kwangu jasho linamtoka. "Mama, kumbe maji ni yako?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

"Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza."

Akacheka kidogo. Wageni wanasubiri, mfereji mkavu, viti vya nakshi vimekaa kando ya simiti. "Basi nipe, mama. Tafadhali."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya mindimu, ya ukuta, ya Nungwi. Nikasema lile moja tu nililokuwa nalitaka. "Chukua. Bure, maisha yangu yote. Lakini nataka jiwe ulitoe wewe, kwa mkono wako, kila Alhamisi. Na maji yakiwa yanakwenda uje ukae hapa na mie, unywe kahawa, mpaka yazibwe. Saa moja, Yazid. Sitaki zaidi."

Akanikumbatia. "Hilo tu? Mama, hilo si sharti, hiyo ni raha yangu!"

Akatoa jiwe. Akaja, akakaa, akanywa kahawa vikombe vitatu, akajibu simu tisa. Nilizihesabu, na hata hivyo nilifurahi. Alhamisi ya pili alikuja na Shahad, aliyekuwa mrefu kunizidi na aibu ya kunizidi, lakini alipoondoa jiwe alinitazama akacheka, akanambia, "Bibi, bado nakumbuka." Ya tatu Yazid alituma ujumbe wa sauti: ana kikao. Siku hiyo jiwe halikutoka, na wageni wake walilalamika kwenye mtandao kwamba Istiraha ya Bibi haina maji.

Alhamisi ya nne nikajua atakuja. Hawezi kukosa, wageni wamelipia. Nikachoma kahawa mwenyewe, nikatia iliki, nikatoa vikombe vya babake. Nimemaliza sala tu, nasikia injini kubwa nje. Nikafungua mlango na birika mkononi.

Lilikuwa lori la maji. Tangi la buluu, na dereva Mbangali anavuta mpira mnene juu ya ukuta, anamwaga maji kwenye mfereji wa wageni. Nikamuuliza kwa Kiarabu kaagizwa na nani.

"Bwana Yazid," akasema. "Kila Alhamisi, mama, baada ya alasiri. Mwaka mzima. Amesema usisumbuke tena na jiwe."

Ng'ambo ya ukuta watoto wa watu wakaanza kupiga kelele za furaha, wamepata maji. Nlisimama na birika langu. Mwanangu kaona ni wepesi kununua maji pembeni ya falaj, kila wiki mwaka mzima, kuliko kukaa na mie saa moja.

Nikampelekea salamu Mzee Zahor: maji yangu leo yaende kwenye mitende ya msikiti. Kisha nikamkaribisha dereva, maana kahawa ilishamiminwa. Alikaa kwenye ngazi, akanywa vikombe viwili, akanionyesha picha ya mamake kwenye simu, akauliza Alhamisi ijayo aje wakati ule ule. Nikamwambia aje.

Alipoondoka nikarudi kwenye mswala wangu. Nikainua mikono, na nikajikuta nimeshaianza dua ya aibu kuliko ile ya mwaka wa korona: Yarabi, irejeshe... Nikajishika mdomo. Nikaikata hapo hapo, nikamuombea Yazid afya.