Upana wa Mlango

Asubuhi moja baba mkwe alilishusha pazia la chumba cha kufulia, akalikunja, akalitupia begani kama taulo, akasema chumba kile ni aibu ya nyumba na yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, atakitengeneza upya.

Mkamwana wake alikuwa amesimama hapo hapo na ndoo ya maji. Alikuwa na neno la kumwambia mzee, neno lililomkaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki, na asubuhi ile ndiyo aliyoapa kulitoa. Neno lenyewe ni hili: tunahama, baba.

Mumewe alikuwa amepata kazi mji mwingine, tena kazi ya kudumu, na vyumba viwili vya kuishi. Karibu na vyumba hivyo kuna nyumba ya wageni yenye mashuka mengi na mtu wa kuyafua hakuna. Mwenye nyumba hiyo alikubali kumngoja mkamwana mpaka mwezi ujao uandame. Ukiandama bila yeye, mashuka anapewa mwingine. Kwa hiyo kilichobaki ni mwanamke kufunga virago aende, yeye na mashine yake ya kufulia. Mashine ilikuwa yake kweli. Aliipata kwa kufua nguo za watu kwa mkono mpaka kucha zikalainika kama karatasi iliyolowa. Mkulima ana jembe, yeye ana hiyo.

Sasa utamwambiaje tunahama mtu aliyekwisha kushika nyundo kwa ajili yako?

"Utafua kwa raha mpaka uzeeke, mwanangu," mzee alisema.

Mkamwana akameza mate, na neno likashuka nayo. Akasema asante, baba.

Mtaani mzee walimwita Timazi. Ufundi hakusomea. Alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, na alipostaafu akajinunulia vyombo vya ujenzi, akaipenda timazi kuliko vyote, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni cha kupimia ukuta kama umenyooka. Aliitundika kila mahali, hata kwenye kabati la vyombo. Wenye midomo yao walisema timazi ilinyooka, kilichopinda ni kazi. Jikoni mlikuwa na kiti chake ambacho miguu mitatu ilikanyaga chini na wa nne ukaomba ruhusa. Dirisha la sebuleni lilifunguka kwa dua na kufungwa kwa teke. Marehemu mkewe alikuwa akisema, mume wangu akikigusa kitu na nyundo, kiageni. Lakini mama huyo alifariki mwaka wa juzi, na tangu siku hiyo kiti kikayumba bila mtu wa kukicheka.

Mwana naye alipokwenda kwenye kazi yake mpya, wakabaki wawili, mtu na mkwe wake, na heshima imelala katikati yao kama mto kitandani. Mkwe na mkwe hawapigi soga. Wataulizana habari za asubuhi, watapishana kwenye korido, mmoja atatazama chini. Mzee ndiye aliyepata njia ya kuuruka mto huo. Alianza vitendawili.

"Kitendawili," alisema siku ya kwanza ya kazi, huku anachota mchanga.

"Tega."

"Nina mgeni, hula matambara, akishiba hucheza mpaka atoke mkekani."

Mkamwana akacheka, kwa sababu jibu lilikuwa nyuma ya mgongo wake limefunikwa na nailoni. Mashine ile ya zamani ilikuwa na wazimu wa kukamua. Ikifika kukamua hutetemeka, hutembea sakafuni, siku moja aliikuta imefika karibu na jiko kama inayofuata chai.

Kazi ikaanza, na yeye ndiye msaidizi. Alifundishwa kuchanganya saruji na mchanga mpaka rangi iwe moja, kutia maji kidogo kidogo, kuloweka vigae kabla ya kuvibandika. Alijifunza upesi kuliko mwalimu wake, ila hilo hakulisema. Mzee alimpima kimo, kiwiko chake kinafika wapi, ili meza ya kukunjia nguo isimchoshe mgongo. Bomba lililokuwa likining'inia nje akalizika ukutani. Palikuwa na dirisha dogo, akaliziba, akaweka rafu ya sabuni, akaeleza kwamba vumbi lote la nyumba lilikuwa linapitia pale. Dirisha lilipozibwa chumba kikawa giza, na mkamwana akawa anamshikia taa.

Kila kigae kilichobandikwa kilimfunga kidogo. Aliona haya kwa wazo hilo. Mtu anakujengea, wewe unahesabu minyororo! Majirani walipita kuangalia, wakampa hongera mpaka akakosa pa kuweka uso. Jirani muuza mkaa alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema yeye mkwewe hajamjengea hata kichanja cha sufuria, na kwamba mwanamke akiipata nyumba kama hii atoke tena aende wapi. Mzee alicheka sana kwa neno hilo. Mkamwana alichukua ndoo akaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Mumewe alipiga simu mara kwa mara, na kila mara mazungumzo yalikuwa yale yale. Umemwambia? Sijamwambia. Mwambie basi, wewe anakusikiliza. Baba ni wako. Ndiyo, lakini wewe ndiye uliye naye. Mwanamume aliyeweza kupanda nguzo ya umeme kwenye mvua alimwogopa mzee mwenye timazi mfukoni. Mkamwana alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini chumbani kwake, mgongo ameuegemeza ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo ndio kitanda cha mzee.

Vigae vilipokwisha, mzee alisema sasa tumfunge mgeni asicheze. Akataka kuijengea mashine kizingiti cha matofali, kimo cha goti, kuizunguka pande zote, ikae kama mtoto kwenye beseni. Akapiga magoti na mwiko wake, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Tofali."

Mkamwana akampa tofali. Akampa jingine. Mkono ulirudi, ukafumbuka, ukangoja, naye akaujaza. Aliutazama mkono wake mwenyewe ukienda na kurudi, akajiambia kwamba mtu anayefungwa na mwenziwe ana nafuu, huyo anaweza kulia. Yeye ndiye aliyekuwa anapeleka matofali.

Mzee akatega tena, bado amepiga magoti.

"Nimewajengea wageni nyumba, nimewafungia mumo, nao wananilipa kwa utamu."

Mzinga wa nyuki. Mtoto wa darasa la kwanza analijua jibu. Mkamwana alilifikisha mpaka ncha ya ulimi, akalirudisha. Aliona mlango. Kwenye vitendawili aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huupokea, huenda huko kwa maneno, akala akanywa, ndipo hutoa jibu. Basi angempa mji mmoja tu, na neno lililokwama lingetoka lenyewe, likiwa limevaa nguo za mchezo.

Akajifanya anafikiri. Akasema limemshinda.

"Nipe mji," mzee akasema kwa furaha.

Akampa ule aliko mumewe.

Mwiko ulisimama. Mzee hakugeuka. Saruji ikadondoka kutoka kwenye mwiko, ikaanguka kwenye kigae kipya, wala hakuifuta.

"Huo siutaki," alisema. "Nipe mwingine."

Tangu azaliwe, mkamwana hakuwahi kusikia mji ukikataliwa. Hata watoto wakorofi huupokea mji wowote, hata wa majini. Akatoa mwingine, wa karibu, wa ovyo, na mzee akaenda huko kwa haraka na sauti kavu, hakula hakunywa, akasema mzinga wa nyuki, akanyoosha mkono nyuma.

"Tofali."

Usiku huo mkamwana alijua kwamba mzee anajua, na bado hakupata nguvu. Maana asiyejua huambiwa. Anayejua, unamwambia nini?

Mwisho ukaja mlango. Chumba kile hakikuwahi kuwa na mlango, kilikuwa na uwazi mpana na lile pazia. Mzee aliuleta kwenye mkokoteni, mlango wa mbao nzito uliotolewa kwenye nyumba iliyovunjwa, na fremu yake. Kwa kuwa ulikuwa mwembamba, alipandisha tofali upande mmoja wa uwazi, akasimamisha fremu, akaining'inizia timazi, akajaza saruji. Akamwagiza mkamwana aumwagilie ukuta huo asubuhi na jioni, kwa sababu saruji ikinyimwa maji haishiki. Naye akaumwagilia, kwa utii, kama bustani.

Siku tatu baadaye aliingia kufuta vumbi. Mlango ukajifunga nyuma yake, kwa mara ya kwanza katika historia ya Timazi kitu kilijifunga chenyewe vizuri. Hewa ilinuka saruji mbichi. Alipoinama kuifuta mashine mikono yake ikaikumbatia, na mikono ikajua kabla ya kichwa. Akachukua kipande cha kamba ya kuanikia. Akakinyoosha juu ya mashine, ukingo mpaka ukingo, akakishika hivyo hivyo mpaka mlangoni. Kamba ililegea kati ya miimo, imezidi vidole vinne. Akarudi akapima ubavu. Vile vile, mashine ilikuwa mraba kama sanduku. Aking'oa kizingiti cha matofali, bado haipiti. Akiushusha mlango bawabani, bado haipiti.

Alikaa juu ya mashine yake, taa mkononi, kwenye chumba kizuri kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo.

Mzee alikuwa uani anaosha mwiko. Mkamwana akaenda akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakutazama chini.

"Baba, mashine haipiti mlangoni."

"Inakwenda wapi?"

"Kwa mwanao. Pamoja na mimi. Mwezi ukiandama."

Mwiko ulikuwa umekwisha takata, lakini aliendelea kuusugua.

"Nilisikia," alisema. "Ukuta ule wa chumbani niliupiga lipu mimi. Unapitisha kila neno." Akasugua kidogo. "Pale nilipoununua mlango palikuwa na miwili, mpana na mwembamba. Nilipima, mwanangu. Mara hii nilipima vizuri."

Mkamwana alitaka kukasirika, akashindwa pa kuanzia. Akasema mlango unamtosha yeye kupita, lakini akipita bila mashine amepita mikono mitupu.

"Aendaye mikono mitupu hurudi," mzee alisema, taratibu, kama mtu aliyeifikiria hesabu hiyo kitandani. "Utakaa kidogo, utarudi. Chumba utakikuta."

Akaufuta mwiko kwenye suruali, akatoka kwenda barazani kwa wenzake.

Mkamwana hakulia. Alirudi ndani akafungua sanduku la vyombo, akatoa patasi na nyundo. Nyundo ya kwanza aliipiga kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Ya pili ikamega kipande. Akapiga tena, na moyo wake ukapiga nayo, kwa sababu anavunja kazi ya mkwewe, ndani ya nyumba ya mkwewe, mchana kweupe, na mtaa mzima unasikia. Saruji ilikuwa imeshika sawasawa. Ameinywesha mwenyewe, isishike kwa nini? Vumbi lilimjaa kwenye nywele. Alikuwa bado anachokoa mwimo kwa chini alipoona viatu vya mzee kwenye korido.

Hakuacha. Alijua akiacha hataanza tena. Akapiga, akingoja sauti ya kumkaripia, au ile mbaya zaidi, ya kumlaani. Mzee aliitazama patasi, akaitazama fremu kwa juu. Kisha akakohoa.

"Patasi umeishika kama kijiko," alisema. "Ilaze. Na anza juu. Ukianzia chini, fremu yote itakuangukia utosini, nitamwambia nini mwanangu?"

Mkamwana akailaza patasi. Mzee akavua koti, akalitundika kwenye koki ya bomba, akaja akainua mikono yote miwili, akaishika fremu kwa juu isianguke. Alikaa hivyo, mikono juu kama aliyekamatwa na askari, wala hakusema amechoka. Mbao ilipoachia ukuta walilaza fremu chini pamoja. Halafu wakavunja kizingiti cha matofali, na hapo hakuna aliyetega kitendawili.

Kuitoa mashine waliisukuma wawili, yeye anavuta, mzee anasukuma kwa bega. Ikapita. Ikafika koridoni ikakwama kati ya kuta, ikaziba njia, mzee upande wa jikoni na mkamwana upande wa vyumba vya kulala, wanatazamana juu yake wakiwa weupe kwa vumbi kama wauza unga.

Mzee alipumua sana. Akaipapasa mashine kwa kiganja, juu, akaupima upana wake kwa shibiri, akapima tena.

"Na vyumba vya huko," aliuliza, "mlango una upana gani?"

Mkamwana akasema hajui.

"Hujui. Mnahama, na mlango hamjui." Akatikisa kichwa. "Mwambie mumeo apime. Asipime kwa macho, namjua mimi, apime kwa tepu."

Mkamwana akatoa simu mfukoni, akaifuta vumbi kwenye khanga, akabonyeza namba ya mumewe. Kisha akainyoosha juu ya mashine mpaka upande wa pili.

"Mwambie wewe, baba. Mtoto ni wako."

Simu ilikuwa inaita. Mzee aliiangalia kama kitu cha moto, mkono ukaenda, ukarudi, ukaenda. Akaipokea, akaiweka sikioni, akageuka akatazama ukuta. Mkamwana alimsikia mumewe kwa mbali akisema haloo, haloo mke wangu, umemwambia?

"Ameniambia," alisema mzee. "Tafuta tepu."