Pampu Inayotafuna Kokoto

Mafundi wenzake walimpa jina la Masikio zamani, kwa sababu hakuhitaji kufungua pampu ndipo ajue inaumwa nini. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akasema: beringi. Au: kapasita. Hakukosea.

Sasa masikio yenyewe yalikuwa yamemtupa mkono. Ukimsemesha kwa sauti, uso kwa uso, alikuelewa. Ukigeuka tu, umeongea na ukuta. Aliyeijua siri hiyo ni mkwe wake, mke wa mwanawe, maana ndiye aliyeshinda naye nyumbani. Hata simu za kazi alimpokelea yeye. Ndivyo alivyosikia maneno ya msimamizi wa shule ya kuogelea.

"Nimeambiwa mzee siku hizi hasikii," msimamizi alisema. "Aje aitazame pampu. Akishindwa kuniambia ina nini kabla watoto hawajaja saa tisa, nitatafuta fundi mwingine."

"Nitakusikilizia mimi," mkwe alimwambia mzee jikoni, huku akimfunga mtoto mgongoni. "Nikikohoa mara moja, ni beringi. Nikikohoa mara mbili…"

"Na hicho kikohozi nani atanisikilizia?"

Walicheka mpaka mtoto akashtuka. Kisha wakapatana: pampu ikipiga mluzi, mkwe ashike hereni. Ikiguna tu bila kuzunguka, ashike fundo la mbeleko.

"Yatosha," mzee alisema. "Mengine nitajionea."

Chumba cha pampu kilikuwa ngazi tatu chini ya vyumba vya kubadilishia nguo. Klorini ilifinya pua. Miwani ya maji ya mtoto fulani msahaulifu ilining'inia kwenye vali. Nje, maji ya bwawa yalikuwa yameanza kupiga kijani. Msimamizi, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni, hakuwakaribisha sana. Alibonyeza swichi.

Masikio aliinama na bisibisi yake kama kawaida, akafumba macho. Mkwe alisikiliza. Haukuwa mluzi. Haukuwa mguno. Ilikuwa kana kwamba mtu anamwaga kokoto kwenye karai na hazimwishi. Mikono yake ilibaki imening'inia, haina pa kwenda. Mtoto akaanza kulia.

Mzee alifumbua macho, akatazama hereni, akatazama fundo. Hakuna kilichoguswa. Akainuka kwa madaha.

"Mota haina neno," alisema. "Imetulia kabisa."

"Imetulia?" Msimamizi alipaza sauti kuishinda kelele. "Mzee, hii watu wanaisikia wakiwa barabarani!"

Masikio alitabasamu, kwa kuwa hakujua ameambiwa nini.

Msimamizi akazima. "Basi. Nilichotaka kukijua nimekijua. Mama, mrudishe mzee nyumbani apumzike."

Mkwe aliijua maana ya kupumzika huko. Ilikuwa ni kukaa mlangoni kutwa nzima na kufuta bisibisi ileile kwa kitambaa kilekile. Alizunguka akasimama mbele ya uso wa mzee.

"Baba! Haipigi mluzi, wala haiguni! Inatafuna kokoto!"

"Kokoto?"

"Kokoto, karai zima!"

"Sasa mbona hukunionyesha?"

"Kwa ishara ipi? Hatukuiweka!"

Ndiyo hivyo, siri ikawa imeanguka sakafuni, kila mtu anaiona. Mzee alivua kofia.

"Ni kweli, bwana. Sisikii," alimwambia msimamizi. "Lakini kokoto ni hewa, na hewa naijua kwa macho. Washa tena."

Msimamizi aliangalia saa. Fundi mwingine asingefika kabla ya saa tisa. Akawasha.

Chini ya kifuniko cha pampu, kile kinachoonyesha ndani, maji yalikuwa nusu tu, yakichemka mapovu. "Hapa palitakiwa pajae pomoni," mzee alisema. "Haivuti maji, inavuta upepo. Nipeni sabuni ya vyombo."

Mkwe aliikoroga kwenye kopo. Mzee akapaka povu kwenye maungio ya bomba linalovuta maji kutoka bwawani, moja baada ya jingine. Povu likatulia. Akapaka kwenye vali. Likatulia. Akapaka ukingoni mwa kifuniko, na hapo povu likatetemeka, likafyonzwa ndani, likaacha mstari mkavu.

"Zima."

Alifunga vali, akafungua kifuniko, akatoa ule mpira wa duara unaozuia hewa. Ulikuwa umevimba na kulegea. Akaunusa.

"Nani amepaka mafuta ya ngozi hapa?"

Msimamizi alishika filimbi yake. "Kifuniko kilikuwa kigumu kufunguka," alisema akitazama sakafu.

"Anasemaje?" mzee akamuuliza mkwe.

"Anasema ni yeye, baba."

"Mafuta hayo yanaulainisha mpira mpaka unaoza. Hapa ni grisi ya silikoni, kidogo tu." Alitoa mpira mpya mkobani, akaupaka, akaupachika. Akamimina maji mpaka kikapu cha pampu kikajaa, akakaza kifuniko, akafungua vali, akaashiria swichi.

Kokoto zililia tena, chache, kisha mojamoja, kisha kukabaki mvumo mmoja mrefu. Mtoto alinyamaza, akalaza shavu mgongoni mwa mama yake. Mkwe alitaka kusema, lakini mzee alikwisha kuweka kiganja kwenye bomba na alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Msimamizi alichukua penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye kadi ya matengenezo. Akamgeukia mzee, safari hii uso kwa uso, na kupaza sauti.

"Alhamisi ijayo kuna kusafisha chujio. Niandike anakuja nani?"

"Andika sisi wawili."

Akaandika.

Walipokuwa wakipanda ngazi, Masikio alimgusa mkwe wake begani. "Sasa kokoto tuziwekee ishara gani?"

Mkwe aligeuka kabisa ili aonekane mdomo.

"Ya nini tena, baba? Nitakuambia tu."