Chai ya Sutinah

Mke wangu Sutinah alipofariki sikulia sana, na watu wa mtaani walidhani nimejikaza. Ukweli ni kwamba sikujua hasa nini kimeondoka. Nilikuja kujua wiki ya tatu, nilipojitengenezea chai kwa mara ya kwanza. Ilikuwa chai. Haikuwa ya kwake.

Kwetu Klaten kila nyumba huchanganya majani ya chai kwa namna yake. Mtu hanunui pakiti moja akaridhika. Hununua mbili, tatu, hata nne, akaoanisha ukali wa hii na rangi ya ile na harufu ya asmini ya nyingine. Sutinah alikuwa akifanya hivyo nyuma ya pazia la jikoni, na kwa miaka thelathini na nne sikuwahi kuuliza. Nilikuwa fundi mizani sokoni. Nilirudi saa kumi, nikakuta glasi mezani, nikanywa.

Zilipobaki siku sitini kufikia hitima ya siku elfu, ambayo ndiyo ya mwisho kwa marehemu, nikaweka nia kwamba siku hiyo wageni wanywe chai yake. Baada ya hapo nisingepata tena siku ya kumkusanyia watu. Nisipoipata chai ile, basi imepotea, na aliyeipoteza ni mimi.

Nikanunua pakiti za aina zote dukani, nane kwa jumla. Nikatoa mzani wangu mdogo, ule wa masonara, nikaanza. Pakiti yenye picha ya mkasi sehemu mbili, yenye tausi moja. Ya mkasi moja, ya tausi mbili. Kila mchanganyiko niliupa namba na kuuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Birika lilelile, maji ya kisima kilekile, dakika sita.

Siku ya nne ulimi ulichoka, ukawa hautofautishi tena. Nikamwita jirani yangu Rebo, mwezeka vigae, ambaye alishakunywa kwetu mara nyingi. Alionja namba tisa akiwa amefumba macho kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

"Si yake hii," akasema. "Hii ni chai ya mtu anayetaka kuniuzia kitu."

Kesho yake alikuja bila kuitwa. Keshokutwa akaja na mkewe, Marsih, na sahani ya ndizi za kukaanga. Marsih alisema namba ishirini na mbili inanuka mkeka uliolowa, na Rebo akasema mkeka huo basi anaujua, ni wa kwao. Mwezi wa pili ulipoanza, kila saa kumi barazani kwangu palikuwa na watu watano au sita, kila mmoja na kumbukumbu yake. Huyu alisema chai ya Sutinah ilikuwa nyekundu, yule akaapa ilikuwa nyeusi. Mimi nilitaka jibu, wao walitaka kubishana. Niliwavumilia kwa sababu nilizihitaji ndimi zao. Wasipofika kwa wakati, nilikuwa nikichungulia barabarani.

Siku mbili kabla ya hitima akafika shemeji yangu Warsini, mdogo wake Sutinah, kutoka Wonogiri, kuja kusimamia mapishi. Hata mtandio hajavua nikamwekea mbele glasi ya namba arobaini na moja. Nikamwuliza kama nimekaribia. Akauliza nimekaribia wapi. Nikamweleza, nikamwonyesha mlango. Aliyasoma maandishi yote kuanzia juu mpaka chini, kisha akaketi kwenye kigoda, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Shemeji, maskini. Dada hakuwa na kipimo. Alikuwa anachanganya mabaki. Pakiti inayoisha anaimimina kwenye inayoanza, basi."

Nikamwambia haiwezekani, chai ilikuwa ileile kila siku.

"Ileile wapi? Kuna siku ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Wewe unakunywa tu, unasema nzuri. Alikuwa anatuambia, bwana wangu yule hata nikimchemshia majani ya mpapai atasema nzuri." Kisha akauona uso wangu, akashusha sauti. "Hakusema kwa ubaya. Akisimulia hivyo anacheka mpaka anashika mbavu."

Alipoingia kuoga nilibaki nikiutazama mlango wa jikoni. Zaidi ya glasi elfu kumi, kila moja na ladha yake, nami nilizinywa zote kama moja. Nilikuwa natafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo, na vile vilivyokuwepo vilipita mdomoni mwangu. Nikachukua kitambaa kibichi nikafuta chaki.

Alasiri ya hitima nilimimina mabaki ya pakiti zote nane kwenye kopo moja. Sikupima. Warsini alikuwa anafunga wali wa wageni kwenye majani ya mgomba. Chai ilipokolea nikajimiminia glasi, nikanywa.

"Haya, vipi?" akauliza.

Lile neno langu lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza, nikaonja tena.

"Ina ukakasi," nikasema. "Inashika ulimi huku pembeni. Halafu ukishameza, asmini inakuja yenyewe, taratibu."

Warsini akaliweka chini jani la mgomba. "Kumbe unajua kusema."

Akaichukua glasi yangu, akaonja, akasema nimekosea, hapo hapana asmini, ni moshi wa kuni. Nikamwambia aonje tena bila haraka. Akakataa, akamwita Rebo aliyekuwa anatandika mikeka, naye Rebo hakukubaliana na yeyote kati yetu. Tukabishana hivyo, huyu anamimina, yule anamimina, mpaka Marsih alipopita akatuuliza kama tunajua kwamba hiyo ni chai ya wageni. Birika lilikuwa tupu. Nikaenda kuteka maji mengine.