Fundo la Mizani

Kidonge akikichapa yeye, kifafa chenyewe kitaomba likizo. Ndivyo alivyotamba Profesa, jina alilojipachika baada ya kufundishwa wiki tatu tu kuendesha mashine ya kuchapa vidonge kwenye famasia ya hospitali. Mashine ile ilidondosha dawa tabaka juu ya tabaka, kama mchwa wanavyojenga kichuguu, hadi kikatoka kidonge kimoja cha kuyeyuka polepole kutwa nzima. Dada yake mkubwa, fundi cherehani mwenye kifafa, alivimeza vidonge hivyo miezi minne bila kuanguka. Kwa shukrani akaishonea mizani ya famasia mfuniko wa kitambaa wenye kamba.

Sheria ilikuwa moja: vidonge vipimwe uzito kabla ya kutoka. Mwanzoni Profesa alipima. Baadaye akaona huko ni kujitilia shaka bure, akawa anajaza daftari uzito uleule, kwa mwandiko mzuri, huku akipiga mluzi.

Jumatatu moja mdomo wa mashine uliziba nusu. Vidonge vikatoka na umbo lilelile, ila tumbo tupu, dawa nusu. Jumatano dada akaangukia cherehani. Sindano ikamtoboa kidole, paji likapasuka.

Wodini alikolazwa dada, mfamasia mkuu alikuja na daftari. Profesa akamuwahi: vidonge vilipimwa, tarakimu hizo hapo, lakini wagonjwa nao husahau kumeza, kisha humlaumu aliyechapa. Alijua fika kwamba anayesahau dozi hutolewa kwenye mpango wa vidonge vya kuchapwa na kurudishwa kwenye dawa za zamani, zile zilizokuwa zikimwangusha dada kila wiki. Hata hivyo akamgeukia kwa sauti ya asali.

"Hukusahau kweli, dada? Si wewe husema ukianguka kumbukumbu inapotea?"

Mfamasia alishaanza kuandika. Dada aliutazama mkono wake wenye bandeji.

"Ule mfuniko niliufunga kwa mkono wangu wiki mbili zilizopita, mdogo wangu. Fundo langu, lile lililokushinda kufunga tangu utoto, hata viatu nikawa nakufungia mimi. Jumatatu nimekuja kuchukua vidonge, nikakuta umeshaandika uzito. Fundo langu lilikuwa palepale."

Kalamu ikasimama.

"Nenda kailete hiyo mizani," mfamasia akasema. "Na fundo usiliguse."

Profesa aliinamisha kichwa, macho yakatua kwenye viatu vyake. Maisha yake yote hakuwahi kununua vya kamba.