Somo la Mavumbi

Darasani, Madame Régine hakuwa na breki. Alifundisha biolojia huko Ruashi, na mwanafunzi aliyeuliza kama Mungu na nyani wanaweza kukaa katika kichwa kimoja alijibiwa waziwazi: Mungu hana haraka, aliumba polepole, kiumbe kikitokana na kiumbe, na kazi ikabaki yake. Sephora, mmoja wa wanafunzi wake, ndiye aliyelishika jambo hilo kuliko wote. Alikuwa akiogopa kwamba ipo siku atalazimika kuchagua kati ya Mungu na biolojia. Siku ile alirudi nyumbani moyo umetulia.

Shida ilizuka kwenye shirika, jumuiya ya majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, Régine akiwa mmoja wao. Ilikuwa zamu yao kuhudumu kwenye misa ya Jumapili, na Sephora alikuwa amechaguliwa kusoma somo la kwanza, lile la Mungu kumfinyanga mtu kwa mavumbi. Baba yake, Papa Stanislas, mwenyekiti wa shirika, akasimama amekunja uso.

"Mutoto anasema bantu na banyani beko jamaa moja. Muntu wa vile atasoma Neno ya Mungu?"

"Papa, ni Madame njo alitufundisha," Sephora akasema. "Mungu aliumba polepole. Umuulize, iko apa."

Macho yote yakamgeukia Régine. Hawa ndio waliomzika mama yake, waliomwita dada. Ilitosha aseme ndiyo tu.

"Miye nafundishaka tu programme ya État, ya serikali," akasema. "Ile ya Mungu, labda aliikuta mu téléphone."

Sephora akainamisha kichwa. Akanyang'anywa somo, na kwa kuwa Madame ni mtu wa kuaminika, akapewa Madame.

Jumapili Régine alisoma. Sauti ilitoka safi, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, naye akatamani ardhi ipasuke immeze. Alipofika kwenye mavumbi alimwona Sephora kwenye benchi la nyuma, ametulia, anasikiliza.

Nje ya kanisa Régine akamfuata. Kabla hajafungua mdomo, Sephora akamsalimu kwa heshima.

"Umesoma muzuri, Madame. Kesho lundi tuko na interro ya biologie. Niandike nini mu ile mutihani?"

Hakuwa anamkejeli, alitaka kujua kweli. Aibu ikampanda Régine hadi masikioni. Akavuta pumzi ili aseme yote, na Papa Stanislas asikie. Papa Stanislas alikuwa tayari pembeni yake, anacheka, amenyoosha mkono kumpongeza.

Régine akaupokea mkono.