Kichwa Nguvu

Mimi si mtu mbaya, lakini siku Nyaruach aliponiomba barua ya kumsifia kazi nilikuwa na hasira. Miaka minne nimemfundisha kushona hapa Kakuma, kwa cherehani yangu na makasi yangu, halafu ati anataka kwenda Lodwar kwa mama mmoja anayeshona sare za shule. Mimi nibaki na nani?

Nikaandika ukweli mtupu, ili huyo mama Namuria amrudishe kabla hajakung'uta vumbi la safari: "Huyu binti iko na kichwa nguvu kupita wote nilifundisha." Nikaifunga bahasha kwa gundi, nikampa.

Kwetu Kongo ukisema mtu ana kichwa nguvu, umemaliza. Ni mkaidi, haambiliki. Na Nyaruach ndivyo alivyo. Kibali cha kutoka kambini alinyimwa mara tatu, akarudi mara ya nne akapewa. Nikimwambia kola ilale, yeye anaisimamisha. Nikikata suruali, anaipima upya mbele ya mteja, mimi nikitazama. Kwamba mara nyingi yeye ndiye aliyepatia, hilo sikuliandika.

Kiti chake sikumpa mtu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ndipo Namuria akanipigia simu.

Alinisalimu kwa Kiturkana, ejok, kisha akanishukuru mpaka nikaona haya. Kumbe kwa Wakenya mkaidi ni kichwa ngumu. Yeye kusoma kichwa nguvu akaelewa akili nyingi. Akamwajiri siku hiyo hiyo, na sasa amempa wasichana sita awafundishe.

Ningeweza kumsahihisha. Ningesema tu kwamba nguvu ya kwetu ndiyo ngumu ya kwenu, na pengine Nyaruach angerudi kwangu. Badala yake nikauliza kama hamsumbui.

"Ananisumbua sana," Namuria akacheka. "Nilimwambia akate sketi kwa kipimo changu cha zamani, akakataa. Akaenda shuleni mwenyewe kupima watoto. Sasa sketi zinawatosha."

Nilimjua hivyo kabla yake, na wivu ulinichoma. Akauliza kama nina fundi mwingine mwenye kichwa kama hicho, maana kazi imezidi.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilikuwa na huyo mmoja tu."