Hatukui Mpaka Tutibiwe

Kibao cha zahanati yetu kimeandikwa: watoto chini ya miaka mitano, bure, wengine wote, lipa kwanza. Mwaka mzima kamati ya mtaa ilikipigia kelele kibao kile. Tuliandamana, tukaimba, tukajibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Huyo anayelifanyia kazi hatujamwona mpaka leo. Wakati huohuo kidonda cha mama kilikuwa kinapanda mguu, na sista alishanivuta pembeni: "Dada, kisipotibiwa wiki hii, mguu utakatwa."

Basi mwenyekiti wetu, kinyozi, mtu asiyeishiwa maneno, akasimama kikaoni na mashine ya kunyolea mkononi. "Ndugu zangu, kama wanatibu watoto tu, basi shida yetu ni ukubwa. Tuuache."

Nilidhani anatania. Jioni ile alinyoa ndevu za mtaa mzima bure, hata za wazee waliozifuga tangu ujana wao. Asubuhi wanawake tukafunga mbeleko.

Mimi nilimbeba mama. Ana kichwa kigumu, na sifa yake maisha yote ni moja: hajawahi kusema uongo. Njia nzima alibishana nami.

"Mwanangu, nikiulizwa nitasema kweli."

"Ukiulizwa, lia tu."

"Kulia bila kuumia nako ni uongo."

"Kwani huumwi?"

"Naumwa. Ila silii mbele za watu."

Zahanati ilifurika. Wanaume wasio na wake walibebana kwa zamu, na walipofika mlangoni wakagombana nani mtoto. Kinyozi aliinua bango: HATUKUI MPAKA TUTIBIWE. Mke wa fundi magari alimshusha mumewe benchini, akamfuta kamasi zisizokuwepo.

"Mtoto ana umri gani?" sista akauliza.

"Miaka mitatu."

"Mbona ana kitambi?"

"Anakula vizuri."

"Haya, mizani."

Sheria ni sheria: kila mtoto hupimwa uzito kwanza. Wakamvalisha ile kaptura ya kupimia, ukaingia mguu mmoja tu, wakamning'iniza hivyohivyo. Ndoano ya mizani ikang'oka darini. Mtoto alianguka kwa kishindo, akatukana matusi ambayo mtoto wa miaka mitatu hayajui. Mkewe akamchapa kofi la mdomoni.

"Samaki mkunje angali mbichi," akamwambia sista.

Kishindo kile kilimtoa daktari ofisini, amefura kwa hasira. Alitupitishia macho sote, akasimama mbele yangu, maana mama alikuwa amekataa kuvua miwani.

"Huyu bibi namjua," akasema. "Hasemi uongo. Nitamuuliza yeye peke yake. Akisema ni mtu mzima, wote nje!" Akainama kuchungulia juu ya bega langu. "Haya. Una miaka mingapi?"

Zahanati nzima ikatugeukia. Nilimpandisha vizuri mgongoni; hakuwa mzito. Mama amekwisha mwili, nilimbeba njia nzima bila kupumzika, na hilo ndilo lililoniuma. Nilijua atasema kweli, mguu uende zake. Nilimkasirikia mpaka machozi yakanilenga.

Nikahisi shavu lake likilala mgongoni kwangu.

"Mimi nimebebwa," mama akasema. "Aliyebebwa haulizwi umri. Muulize anayenibeba."

Daktari akanitazama.

"Minne," nikasema. "Mitano bado."

Akashusha macho mpaka kwenye mguu uliofungwa kitambaa. Alikifungua mwenyewe, polepole, na hasira ikamwisha usoni. "Sista," akasema, "mwandikie kadi ya kliniki. Aanze dawa leo."

Nikageuka kumpeleka ndani. Mama akanipiga bega nisimame, akanyoosha kidole kwenye mabenchi, kwa wale wote walionyolewa.

"Na wadogo zangu hawa, daktari?"

Mama hasemi uongo. Pale ndani hapakuwa na aliyemzidi umri, hata daktari mwenyewe.